SOMO LA KUMI NA NANE: NYUMBA YENYE WAGONJWA WENGI

Wapendwa wasikilizaji wa Rutshuru, wa Masisi, wa Nyiragongo na wa mitaa ya Goma, juma lililopita tuliyahesabu matendo ya huruma kwa vidole: saba ya mwili na saba ya roho. Kuwatazama wagonjwa ni moja la yale ya mwili. Leo twachukua hilo moja tu, nasi twalichukua mahali linapokuwa gumu kupita yote. Kwani mgonjwa mmoja, mtu mwenye nia njema hujua namna ya kumtazama. Lakini itakuwaje nyumba ikiwa na wagonjwa watatu au wanne kwa wakati mmoja, na mwenye kuwauguza ni mtu mmoja?

Tuweke mfano. Yuko mama katika mtaa wa Majengo. Simpi jina, kwa sababu ni mama wa mfano, na kila mmoja wenu anamjua mama wa namna yake. Mumewe amekohoa miezi mingi, na kituoni wamemwambia ni kifua kikuu. Mama mkwe wake ana tansio, yaani damu kupanda, na upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Mtoto wa mwisho ana homa ya malaria. Tena katika juma lilo hilo shemeji yake analetwa kwa pikipiki kutoka Kiwanja, mguu umevunjika, kwani walio kijijini husema: Goma kuna hospitali, na Goma tuna ndugu. Nanyi mwajua desturi ya hospitali zetu. Daktari huandika dawa, mwuguzi huichoma, lakini kupika, kuosha, kufua na kukesha ni kazi ya jamaa. Basi mama huyu usiku yuko hospitalini kwa shemeji. Alfajiri anarudi, anawasha mbabula, anamchemshia mtoto uji, anampa mumewe dawa, anamgeuza mama mkwe kitandani asipate vidonda. Saa mbili yuko sokoni na nyanya zake, maana asipouza hakuna dawa ya jioni.

Watu humsifu wakisema, "Mama huyu ni chuma." Mimi neno hilo silipendi. Anayeitwa chuma, hakuna amleteaye maji.

Kabla ya kusema juu ya msaada, lazima tuondoe kwanza jiwe lililo mlangoni. Nyumba ikipatwa na wagonjwa wengi pamoja, neno la kwanza la majirani ni lipi? Husema, "Wote kwa mara moja! Hapa pana mkono wa mtu." Kisha hutazama huku na huku wakimtafuta mtu huyo, na mara nyingi humwona katika mjane mzee asiye na wa kumtetea, au katika mtoto yatima aliyelelewa humo. Mzee hufukuzwa, mtoto hupigwa na kunyimwa chakula. Hivi nyumba iliyokuwa na wagonjwa wanne sasa ina wagonjwa wanne na dhambi kubwa juu yao.

Swali: Kwa nini watu wa nyumba moja huugua pamoja?
Jibu: Kwa sababu hunywa maji ya bidoni moja, hulala chumba kimoja, huumwa na mbu wale wale, na hushikana mikono kwa upendo.

Yashikeni sana maneno hayo. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu na kuhara damu viliwaua makumi ya maelfu katika majuma machache. Jamaa nzima zilizimika. Hakuna aliyezilogea. Walikunywa maji yaliyochafuka, juu ya miamba ya volkano ambapo hata kuchimba choo ni taabu. Mwaka 2024 tuliona mpox, yale madonda ya ngozi, katika kambi zilizokuwa pembeni mwa mji. Mama aliingia kituo cha matibabu cha Munigi na watoto wawili au watatu, kwa kuwa walilala kwenye mkeka mmoja na kujifunika nguo moja. Kifua kikuu nacho hupita kwa hewa ya chumba kilichofungwa. Magonjwa mengine huingia kwa njia ya chungu. Ndiyo maana mwana wa mji wetu, Floribert Bwana Chui, alikataa katika kazi yake kupitisha mpakani vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka 2007, na Kanisa likamtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Yeye alijua kwamba gunia moja baya laweza kulaza mtaa mzima.

Kwa hiyo swali la Mkristu si "Nani ametufanyia?" Swali lake ni "Imepita wapi, nasi tuizibe wapi?" Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Dirisha la mwenye kifua lifunguliwe, na watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi naye wapelekwe kupimwa, kwani wako katika hatari kubwa, na kuna dawa ya kuwakinga. Mwenye mpox alale peke yake na nguo zake zifuliwe peke yake. Mwenye kuhara anyweshwe mara kwa mara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyorundikwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hayo mtoto wa shule aweza kuyachanganya. Lakini akiendelea kuhara maji matupu, msikae mkichanganya, mpelekeni kituoni mara moja.

Sasa natamka jambo ambalo wengine hulisikia vibaya. Upendo usio na akili huongeza wagonjwa. Ebola ilipotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, hata ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walihesabiwa kuugua na 2,287 walikufa, katika jimbo letu na Ituri hasa. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Sababu moja mwaijua wenyewe: ni nani ampanguzaye mgonjwa matapishi? Ni nani aoshaye maiti? Wengi waliingiwa na ugonjwa kwa mikono yao ya huruma, kisha wakawapelekea watoto wao.

Hapa Goma penyewe, mwishoni mwa Julai 2019, baba mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Ituri alikufa kwa ugonjwa huo. Mkewe na mtoto wao mdogo wakaonekana nao wanao. Lakini walifika mapema, wakapewa dawa mpya, na katikati ya Agosti wakatoka wote wawili wazima. Je, mama yule angempenda mtoto zaidi kama angalimficha ndani? Hapana.

Tena tazameni walivyofanya wale waliopona, walioitwa washindi. Huko Beni na Katwa palifunguliwa nyumba za kutunzia watoto karibu na vituo vya matibabu, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Waliowatunza walikuwa washindi wenyewe. Miili yao ilikuwa imekwisha kushinda ugonjwa, basi waliweza kumpakata mtoto ambaye shangazi na nyanya yake hawakuruhusiwa kumgusa. Katika taabu ile yote sikusikia habari iliyonigusa kupita hiyo. Baba yu kitandani, mama yu kitandani, na mtoto mikononi mwa mama asiye wa ukoo wake, pengine hata wa lugha yake.

Turudi kwa mama wa Majengo. Ana noti chache mkononi na wagonjwa wanne. Nani atibiwe kwanza? Wengi huniuliza hivyo kwa sauti ndogo, kana kwamba kuuliza ni kosa. Si kosa. Jibu langu ni hili: kwanza yule awezaye kufa leo. Si yule apigaye kelele zaidi, wala yule aletaye mshahara, wala mtoto wa kiume mbele ya wa kike, wala ndugu wa damu mbele ya shemeji. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke ukimwita: huyo ndiye wa kwanza, hata kama ni saa nane za usiku. Angalieni sana mtoto aliyenyamaza. Mwenye mguu uliovunjika atalia usiku kucha naye asubuhi atakuwa hai. Mtoto wa malaria aweza kunyamaza saa kumi na asiione saa kumi na mbili.

Kisha, dawa ya mmoja haigawiwi kwa watatu. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeliona katika nyumba nyingi. Mama hupewa vidonge vya siku tatu vya malaria kwa mtoto mmoja. Na kwa kuwa watoto watatu wana homa, humpa kila mmoja siku yake, akidhani ametenda haki. Hakuna apataye kupona hapo, na ugonjwa hujifunza kuizoea dawa. Vivyo hivyo mwenye kifua kikuu akijisikia nafuu mwezi wa pili asiache; matibabu ya kawaida ni miezi sita. Nanyi mjue kwamba dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika mpango wa taifa. Basi kabla ya kuuza shamba au mbuzi, enda kwanza kituoni uulize: kipi chalipiwa, na kipi ni bure? Nimewajua watu waliouza shamba ili kulipa mtu wa chumba cha maombi aliyedai dola kwa kila siku ya kufunga, hali dawa ilikuwa ikiwangoja bure umbali wa saa moja kwa miguu. Sala ya Kanisa haina bei, ndugu zangu. Atakayewatoza fedha ili Mungu awasikie, mpiteni.

Liko jambo lingine, la siri. Wazee huona. Mama mkwe amelala pale, ulimi mzito, lakini macho yanahesabu noti. Anajua dawa yake ya tansio ni ya kila siku, na mjukuu ana homa. Basi anaanza kuficha vidonge, au anasema, "Mimi leo sijambo, msininunulie." Nyumba inafurahi, na baada ya juma moja anapigwa tena na kupooza. Ee mkazamwana, ukisikia koko anasema ghafula hana haja ya dawa, usifurahi upesi. Kaa karibu naye, umwambie: "Mama, dawa yako si mzigo kwetu." Mpe mkononi, umngoje ameze. Sadaka yake ina upendo ndani yake, nami naiheshimu. Lakini haimponyi mtoto, na nyumba huongezewa mgonjwa mzito kuliko wa kwanza.

Yafaa pia kuwa na daftari. Jina la kila mgonjwa, dawa yake, saa yake, siku ya kurudi kituoni. Mama asiyejua kusoma ampe kazi hiyo mtoto wa darasa la tano. Mtoto atajiona mtu mkubwa, na mama atapunguziwa vitu vya kukumbuka.

Sasa nawageukia ninyi mlio nje ya nyumba hiyo, maana somo hili ni lenu kuliko lake. Wote mwaijua habari ya yule mwenye kupooza aliyeletwa kwa Yezu pale Kafarnaumu. Waliombeba walikuwa wanne. Waliposhindwa kupita mlangoni kwa wingi wa watu, wakafumua dari. Mwinjili anatuambia Yezu alitazama imani yao wale wabebaji. Jiulizeni: mmoja angaliweza? Hata angalikuwa na imani ya kuhamisha mlima wa Nyiragongo, kitanda kina pembe nne.

Ninyi wa Rutshuru na Masisi hamhitaji kufundishwa hilo, kwani mwaijua ingobyi, machela ya kumchukulia mgonjwa begani kutoka milimani. Wanne hubeba, wengine hutembea kando, na baada ya mwendo hubadilishana pasipo kuishusha chini. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kigezi huko Uganda, machela hiyo huitwa engozi, na watu wa kilima kimoja walifanya vyama vya engozi: kila nyumba ina zamu yake ya kubeba, na asiyebeba hulipa. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi iliwaambia watu wa vyama hivyo: mmezoea kumleta mgonjwa pamoja, basi changeni pia kidogo kidogo mlipie matibabu pamoja. Hivyo bima yao ya ugonjwa ikasimama juu ya mabega yaliyokuwapo tayari. Katika nchi yetu, huko Bwamanda upande wa kaskazini-magharibi, hospitali ya misioni ilikuwa imeanza bima ya namna hiyo tangu mwaka 1986. Na sheria ya Kongo ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka wazi kanuni za vyama hivi, tunavyoviita mituweli. Penye mituweli ya kweli, ingieni mkiwa wazima. Aliyekwisha kuugua huchelewa.

Lakini fedha si yote. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na mabenki yakafunga milango, hata mwenye akiba hakuweza kuitoa. Likelemba nyingi zilisimama. Je, kutazamana kulisimama? Penye shirika hai hakukusimama, kwa kuwa shirika halikujengwa kwa noti. Maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za ujirani, hawakutaka tuwe na mahali pa kusalia rozari tu, halafu kila mtu arudi kwake afunge mlango.

Basi fanyeni hivi. Shirika likisikia kwamba nyumba fulani ina wagonjwa zaidi ya mmoja, msiende wote siku moja. Ziara ya watu kumi na watano ni taabu nyingine: yule mama aazime viti, atafute chai, asimulie ugonjwa tangu mwanzo mara sita, halafu mwaondoka mkisema, "Pole, mama, Mungu yupo." Mungu yupo kweli, lakini bidoni li tupu. Nendeni wawili. Msimwulize, "Tukusaidie nini?" maana ataona haya, atajibu, "Hapana, mtuombee." Semeni: "Jumatatu usiku nalala mimi hospitalini, wewe ulale." "Maji ya alhamisi ni ya mwanangu, ataleta kwa chukudu." "Nguo hizi nachukua kufua." Nyumba saba zikishika usiku mmoja mmoja, juma limekwisha, na hakuna aliyekesha zaidi ya mara moja. Wanaume nao washike zamu. Sijui ni katekismu gani iliyowafundisha kwamba kukesha na mgonjwa ni kazi ya wanawake. Hiyo yangu haina neno hilo.

Nawe mama, mzigo ukigawanywa, kubali. Musa alikuwa mtumishi mkubwa wa Mungu, naye aliketi kutwa nzima akiwahukumu watu peke yake, hata baba mkwe wake Yetro akamwona na kumwambia kwamba atajichosha bure, yeye na watu wake, achague wengine washike pamoja naye. Musa hakukasirika. Alimsikiliza mkwewe, na kazi ikaenda.

Mama mwingine aliniuliza kama ana dhambi, kwa kuwa hajafika Misa dominika tatu. Kwa ajili ya wasikilizaji wote najibu: anayemtunza mgonjwa asiyeweza kuachwa hana dhambi kwa kukosa Misa. Kanisa lafundisha hivyo waziwazi. Aombe mtu amletee habari ya mahubiri, na wagonjwa wake waletewe Ekaristia nyumbani. Mwingine alilia, akasema kwamba usiku mmoja wazo lilimpitia: afadhali mmoja wao afe, nipumzike. Dada yangu, wazo lililokupitia ukiwa hujalala siku tatu, nawe ukalichukia, si dhambi. Ni mwili unaoomba usingizi. Umweleze padri ukitaka kutulia moyo, kisha ukalale.

Limebaki neno juu ya Mpako. Vijijini bado wako wanaomficha mgonjwa padri akipita, wakisema: akija na mafuta, mtu atakufa. Jina la zamani, Mpako wa Mwisho, lilisaidia hofu hiyo. Lakini tangu Papa Paulo wa Sita alipotoa agizo lake mwaka 1972, twaliita Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, nalo ni la mtu mwenye ugonjwa mzito au uzee wenye udhaifu, si la mwenye kukata roho tu. Aweza kulipata tena ugonjwa ukizidi au ukirudi. Katika nyumba yenye wagonjwa wengi wazito, padri aweza kuwapaka wote katika ibada moja. Basi mpelekeeni habari mapema, msingoje usiku wa mwisho. Tengenezeni meza ndogo, kitambaa safi, msalaba na mshumaa. Na mama mwenye kuwauguza aketi siku hiyo, mwingine apokee wageni.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma juu ya kuwazika wafu. Tumsifu Yezu Kristu.